Tipu za Kabaidi: Kuchagua kwa Mashine, Kuhukumu kwa Ukingo

Tipu ya kabaidi ni kipande kidogo cha kukatia, chenye pembe tatu, nne au umbo jingine, ambacho hufungwa kwa skrubu au kwa kibano juu ya kishikio cha chuma, na ambacho ukingo wake mmoja ukichakaa hugeuzwa ili mwingine uingie kazini, mpaka kingo zote ziishe na kipande kizima kibadilishwe. Wepesi huo wa kugeuza umeifikisha tipu kutoka viwanda vikubwa vya Ulaya na Asia hadi karakana za Gerezani jijini Dar es Salaam na za Eneo la Viwanda jijini Nairobi, lakini pia umewafanya wengi waione kuwa kifaa kisichohitaji elimu, kwa kuwa hakuna tena kunoa wala kupima pembe kwa jicho. Matokeo yake ni kwamba tipu hununuliwa kwa rangi au kwa bei, hufungwa katika mashine isiyoweza kuitumikisha, huvunjika mapema, kisha lawama hupewa mtengenezaji. Makala haya yanashikilia kwamba uchaguzi wa tipu huanza kwenye mashine na kwenye kazi, ndipo uende dukani, na kwamba mkerezaji anayeweza kusoma msimbo ulioandikwa kwenye kisanduku na dalili zilizoachwa kwenye ukingo uliochakaa anayo tayari sehemu kubwa ya ujuzi unaohitajika.

Ili kuelewa kwa nini tipu hudai mashine ya namna fulani, ni vyema kuifahamu kwanza mata iliyoitengeneza. Kwa muda mrefu visu vya kukerezea vilikuwa vya feleji ya kaboni, ambayo hupoteza ugumu wake joto la mkato linapopanda. Mwaka 1900, katika maonyesho ya Paris, kazi ya Wamarekani Frederick Taylor na Maunsel White ilidhihirisha feleji mpya iliyoweza kuendelea kukata hata ncha ya kisu ikiwa imeiva kwa wekundu, na jamii hiyo ya feleji, ambayo karakanani huitwa haispidi, ingali inatumika. Hatua iliyofuata ilitoka Ujerumani, ambako Karl Schröter, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya balbu za umeme ya Osram, aliomba hataza mwaka 1923 kwa ajili ya mchanganyiko wa unga wa kabaidi ya tangsteni na metali ya kuungamanisha, ambayo kwa kawaida huwa ni kobalti, unaokandamizwa katika kalibu kisha kuokwa kwa joto linalokaribia nyuzi 1,400 za Selsiasi hadi kobalti iyeyuke na kuzishika punje za kabaidi. Shida iliyotafutiwa dawa wakati huo ilikuwa ya kuvutia nyuzi nyembamba za tangsteni za ndani ya balbu bila kutumia almasi ya gharama kubwa. Hata hivyo kampuni ya Krupp iliinunua teknolojia hiyo na kabla ya miaka ya 1920 kwisha ilikuwa inaiuza kwa jina la Widia kwa ajili ya kukatia metali.

Katika mchanganyiko huo punje za kabaidi huleta ugumu na kobalti huleta ustahimilivu, na sifa hizi mbili huvutana: kobalti ikiongezwa, tipu huvumilia mishtuko zaidi lakini huchakaa upesi, ikipunguzwa, ukingo hudumu zaidi katika mkato mtulivu lakini hukatika kwa pigo dogo. Hata tipu iliyo stahimilivu kuliko zote bado ni dhaifu kwa mshtuko ikilinganishwa na haispidi, na nguvu yake ya kweli iko katika kuhimili joto, kwa kuwa haispidi huanza kulegea karibu na nyuzi 600 ilhali kabaidi huendelea kukata katika joto la mamia ya nyuzi zaidi. Kutokana na hayo hupatikana kanuni ambayo mafundi wengi waliozoea haispidi huiona kinyume na akili: tipu haifaidiki kwa kuendeshwa polepole kwa kuonewa huruma. Ikiendeshwa kwa kasi ya haispidi, chuma hugandamana kwenye ukingo wake, kisha gando hilo linapobanduka huondoka na chembe za kabaidi, na uso wa kazi hubaki umeparuka.

Kasi inayozungumziwa hapa ni kasi ya ukataji, yaani urefu wa uso wa chuma unaopita mbele ya ukingo kwa dakika moja, ambao hupimwa kwa mita na hupatikana kwa kuzidisha kipenyo cha kipande kwa milimita, idadi ya mizunguko kwa dakika, na 3.14, kisha kugawanya kwa 1,000. Kwa feleji laini ya kawaida, haispidi hutumika vizuri kwenye mita 25 hadi 30 kwa dakika, ilhali tipu yenye utando hutegemewa kuanzia mita 150 na kupanda. Mhimili wenye kipenyo cha milimita 50 utahitaji basi mizunguko takriban 955 kwa dakika ili ufikie mita 150, na hilo liko ndani ya uwezo wa mashine nyingi za mkono. Lakini pini yenye kipenyo cha milimita 20 itahitaji karibu mizunguko 2,390, na mashine kongwe ambayo mwisho wake ni mizunguko 1,000 itaipa kasi ya mita 63 tu. Katika kipenyo hicho na mashine hiyo, kisu cha haispidi kilichonolewa vyema kitatoa uso safi kuliko tipu ya bei yoyote, na kukitumia hakupaswi kuonwa kuwa ni kurudi nyuma kiufundi.

Baada ya kasi huja nguvu ya mota na ugumu wa mwili wa mashine. Mkato wenye kina cha milimita 2 na fidi ya milimita 0.25, ambapo fidi ni umbali ambao kisu husogea kipande kinapozunguka mara moja, ukifanywa katika feleji ya kawaida kwa kasi ya mita 150 hula takriban kilowati 2.5 kwenye ukingo wenyewe, kabla ya kuhesabu kinachopotea katika mikanda na gia. Na kina kikiongezwa hadi milimita 4, fidi hadi 0.3 na kasi hadi mita 200, mahitaji hufika kilowati 8. Tipu nyingi kubwa zimebuniwa kwa ajili ya mikato ya kundi hili la pili. Mashine yenye mota ya kilowati 2 au 3, ambayo reli zake zimelika na skrubu za kusogezea zina mchezo, haiwezi kuzishindilia tipu hizo zifanye kazi. Itatetemeka, na mtetemo ni adui mkubwa wa kabaidi kuliko ugumu wa chuma kinachokatwa.

Hapa ndipo usomaji wa msimbo unapoanza kumfaa mnunuzi. Karibu watengenezaji wote hufuata mfumo wa kimataifa wa ISO 1832, ambao huielezea tipu kwa herufi na tarakimu, kama vile CNMG 120408. Herufi ya kwanza hutaja umbo: C ni msambamba wenye pembe ya nyuzi 80, D wa nyuzi 55, V wa nyuzi 35, S ni mraba, T ni pembetatu, W ni pembetatu iliyotunishwa kando ili kila pembe iwe ya nyuzi 80, na R ni duara. Kadiri pembe inavyokuwa pana ndivyo ncha inavyokuwa imara, na kadiri inavyokuwa nyembamba ndivyo inavyofikia mahali penye kona na mifereji, lakini huvunjika upesi. Herufi ya pili hutaja pembe ya kuachia, ambayo ni mteremko wa ubavu wa tipu unaouzuia usisugue kazi: N ni sifuri, B ni nyuzi 5, C ni nyuzi 7, P ni nyuzi 11. Ya tatu hutaja usahihi wa vipimo, na ya nne hutaja aina ya tundu na mifuo ya juu, yaani mabonde madogo yanayoyakunja maranda ya chuma hadi yakatike. Tarakimu mbili za kwanza zinaonyesha urefu wa ukingo kwa milimita, mbili zinazofuata unene, ambapo 04 husimama badala ya milimita 4.76, na mbili za mwisho nusukipenyo cha ncha, yaani uviringo wake, ambapo 08 ni milimita 0.8.

Tofauti ya herufi ya pili ndiyo inayopaswa kuzingatiwa kuliko zote na mwenye mashine ndogo. Tipu yenye N haina mteremko wa kuachia, hivyo kishikio chake hulazimika kuilaza kidogo kuelekea chini ili ubavu usisugue, na kwa kulala hivyo hukata kwa kusukuma zaidi kuliko kuchana. Huitwa tipu hasi. Faida yake ni kwamba pande zote mbili hutumika, kiasi kwamba CNMG hutoa kingo 4 za nyuzi 80, WNMG na TNMG hutoa 6, na SNMG hutoa 8. Tipu yenye mteremko wake wenyewe, kama CCMT au DCMT, huitwa chanya, hutumika upande mmoja tu na hutoa kingo 2, lakini hukata kwa wepesi, huhitaji nguvu ndogo na haikisukumi sana kipande chembamba. Mnunuzi anayehesabu kingo pekee ataichagua tipu hasi, na kwa mashine nzito na mikato ya kina atakuwa amechagua sawa. Kwa mashine nyepesi, na kwa kutanua matundu kwa fimbo nyembamba, CCMT 060204 au CCMT 09T304 huwa na manufaa zaidi, kwa sababu kingo 2 zinazochakaa taratibu zina thamani kuliko 4 zinazokatika.

Kuhusu CNMG, kuna hazina ambayo mara nyingi hutupwa pamoja na tipu. Msambamba wake una pembe mbili za nyuzi 80 na mbili za nyuzi 100 kila upande, na kishikio cha kawaida hutumia zile za nyuzi 80 tu. Kipo kishikio kingine, ambacho msimbo wake huanza kwa PCBN au DCBN, kinachoielekeza tipu ileile ikate kwa pembe za nyuzi 100, ambazo ni imara zaidi na zafaa sana kwa mkato wa kwanza wa kuparura. Karakana inayofanya kazi nyingi za kuparura ikinunua kishikio kimoja cha namna hiyo, hupata kingo nyingine 4 kutoka kila tipu ambayo ingekwisha kuhesabiwa kuwa taka.

Nusukipenyo cha ncha huathiri ulaini wa uso kwa namna inayoweza kukokotolewa: kimo cha mifereji inayobaki ni fidi kwa kipeo cha pili, ikigawanywa kwa mara nane ya nusukipenyo hicho. Fidi ya milimita 0.2 kwa ncha ya 0.8 huacha mifereji ya takriban maikromita 6, na kwa ncha ya 0.4 huacha mifereji ya maikromita 12.5. Ingeonekana basi kwamba ncha kubwa ni bora daima, lakini ncha kubwa hukisukuma kipande pembeni na kuamsha mtetemo katika mihimili mirefu na myembamba. Fidi ya kuparura isizidi takriban nusu ya nusukipenyo cha ncha. Na kina cha mkato wa kumalizia kisipungue theluthi mbili yake, kwani kikipungua zaidi ncha husugua badala ya kukata. Fundi aliyezoea kumalizia kwa kuchuna sehemu ndogo sana ya milimita kwa haispidi kali atashangaa kwamba tipu yenye ncha ya 0.8 inakataa kumpa kipimo sahihi. Kosa haliko katika mkono wake, bali ukingo wa tipu umeviringishwa kiwandani kwa makusudi ili usimeguke, na unahitaji chuma cha kutosha mbele yake.

Sehemu nyingine ya maandishi ya kisanduku hutaja daraja, yaani mchanganyiko wa kabaidi na utando wake, na kuonyesha ni metali gani iliyokusudiwa. Mfumo wa ISO 513 huzigawa metali katika makundi sita yenye herufi na rangi: P ya buluu kwa feleji, M ya njano kwa feleji isiyoshika kutu, K nyekundu kwa chuma cha kusubu kama cha ngoma za breki na bloku za injini, N ya kijani kwa alumini, shaba na jamaa zake, S ya kahawia kwa aloi zinazohimili joto na titani, na H ya kijivu kwa feleji iliyogumishwa. Namba inayofuata herufi, kama P10 au P35, huonyesha mahali pa daraja kati ya ugumu na ustahimilivu. Namba ndogo ni ngumu na za mkato mtulivu, namba kubwa ni stahimilivu na za mkato wenye mapigo. Rangi hizi ni za lebo ya kisanduku, wala hazihusiani na rangi ya tipu yenyewe. Rangi ya dhahabu inayowavutia wanunuzi wengi ni utando mwembamba wa nitridi ya titani, ambao aghalabu huwekwa juu ya tando nyingine ili uchakavu uonekane kwa urahisi, na kabaidi dhaifu inaweza kupakwa dhahabu hiyohiyo.

Tando zenyewe, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ni za namna mbili kuu. Zile zinazowekwa kwa gesi katika joto kali, karibu nyuzi 1,000, huwa nene na mara nyingi huwa na tabaka la oksidi ya alumini linaloizuia kabaidi isipate joto moja kwa moja. Hizi hufaa kwa mikato mirefu ya kasi katika feleji na chuma cha kusubu. Zile zinazowekwa kwa mvuke wa metali katika joto dogo zaidi huwa nyembamba, huacha ukingo ukiwa mkali, na hufaa kwa feleji isiyoshika kutu, kwa kazi za kipenyo kidogo na kwa mashine zisizofikia kasi kubwa. Alumini haihitaji utando wa aina hizo. Inahitaji tipu isiyo na utando, iliyong'arishwa na yenye ukingo mkali, kama CCGT, la sivyo huganda juu yake.

Tipu nzuri hufa mapema kwenye kiti kibovu. Chini ya tipu nyingi hasi kuna kibati kigumu cha kukalia, ambacho hulinda kishikio endapo tipu itavunjika. Kibati hicho kikiwa na ufa au kona iliyomeguka, tipu huelea na ukingo hukatika bila sababu ya kuonekana. Kila tipu inapogeuzwa, kiti kifutwe kwa kitambaa safi, tipu isukumwe kwa kidole hadi iguse kuta zote mbili, ndipo skrubu ikazwe kwa ufunguo wa nyota wenye kipimo chake, bila kurefusha mkono wa ufunguo kwa bomba. Skrubu ni kifaa cha kuchakaa kama tipu, na ile ambayo kichwa chake kimeviringika ibadilishwe kabla haijakwama. Kishikio kitoke nje ya posti kwa kiasi kidogo iwezekanavyo, na fimbo ya feleji ya kutanulia matundu isitokeze zaidi ya mara nne ya kipenyo chake. Kimo cha ncha kiwe sawasawa na kitovu cha mhimili wa mashine, kwa sababu tipu iliyo juu ya kitovu husugua kwa ubavu, na iliyo chini hukivuta kipande kiipande.

Kazi zinazojaa katika karakana za Afrika Mashariki zina ugumu wake ambao orodha za watengenezaji huupitia kwa haraka. Mhimili uliolika, ukajazwa kwa kuchomelewa na kuletwa ukerezwe upya, una matuta, vishimo vya hewa na madoa magumu yaliyopoa ghafla, na kila tuta huupiga ukingo kama nyundo. Kwa kazi hiyo inafaa tipu ya daraja stahimilivu, karibu na P30 hadi P40, yenye umbo imara na ncha ya 0.8 au 1.2, kasi ipunguzwe hadi takriban nusu ya ile ya feleji safi, na kina cha mkato wa kwanza, ikiwa mashine inaweza, kishuke chini ya matuta yote ili ncha ikate chuma kisicho na madoa badala ya kuchezacheza juu ya gamba. Matuta makubwa yapunguzwe kwanza kwa grainda. Kanuni hiyo ya kushuka chini ya gamba ndiyo hufaa kwa ngoma za breki na kwa vyuma vya kusubu ambavyo bado vina mchanga wa kalibu, ila huko daraja liwe la kundi K. Katika kazi zote, mashine isisimamishwe ncha ikiwa ndani ya mkato, kwani mhimili unaposimama huukata ukingo. Fidi ikatizwe na kisu kirudishwe kwanza.

Kuhusu maji ya kupoza, ushauri ni kumwaga kwa wingi bila kukatiza au kutomwaga kabisa. Matone yanayodondoshwa kwa brashi juu ya tipu iliyokwisha kupata joto huifanya ipanuke na kusinyaa, na nyufa huanza humo. Katika mkato wenye mapigo, na hasa katika kuchonga kwa mashine ambayo kisu ndicho kinachozunguka, ukingo huingia na kutoka katika chuma mara nyingi kwa dakika, na kukata kavu mara nyingi huongeza maisha ya tipu. Feleji isiyoshika kutu na kazi ya kutanua matundu hunufaika zaidi na maji, kwa ajili ya joto na kwa kuyasukuma maranda nje.

Hakuna mwalimu wa bei nafuu kama ukingo uliochakaa, nao unapaswa kutazamwa kwa kioo cha kukuzia kila mara tipu inapogeuzwa. Uchakavu unaotakiwa ni mstari uliosuguliwa ubavuni, wa upana ulio sawa. Ukifika takriban milimita 0.3, ukingo umemaliza kazi yake na ugeuzwe, kwa sababu ukiachwa zaidi hula kwa kasi na unaweza kuvunja tipu pamoja na kibati. Mstari huo ukitokea upesi mno, kasi imezidi au daraja ni laini mno. Shimo likionekana juu ya tipu, nyuma kidogo ya ukingo, ni maranda ya moto yanayoila kabaidi, na dawa yake ni kupunguza kasi au kutafuta utando wenye oksidi ya alumini. Chuma kilichogandamana juu ya ukingo husema kinyume chake: kasi ni ndogo, na iongezwe, au ichaguliwe tipu chanya yenye makali zaidi. Nyufa ndogo zilizojipanga kama meno ya kitana, zikiukabili ukingo kwa pembe mraba, zinatokana na joto linalopanda na kushuka, na mara nyingi huisha maji yakifungwa. Ncha iliyobonyea bila kuvunjika imelainishwa na joto na shinikizo kwa pamoja, hivyo kasi na fidi zishushwe. Mtaro mmoja mahali ambapo uso wa zamani wa kipande unakutana na tipu hutokana na gamba gumu, na hupungua kina cha mkato kikibadilishwa kati ya pita moja na nyingine. Ukingo uliomegukameguka ovyo, bila mojawapo ya dalili hizi, uelekeze macho kwenye mtetemo: kiti, skrubu, urefu wa kishikio na mchezo wa mashine vikaguliwe kabla ya kununua daraja lingine.

Maranda nayo yasomwe. Yale yanayotoka kwa vipande vifupi vilivyopinda yanaonyesha kwamba mfuo wa tipu unafanya kazi. Utepe mrefu unaojizungusha kwenye chaki ni hatari kwa mikono na macho, na kwa kawaida humaanisha kwamba fidi au kina ni kidogo kuliko mfuo ulivyobuniwa. Mafundi wengi hupunguza fidi wakiona utepe, ilhali kuiongeza fidi ndiko kunakoukata. Watengenezaji huandika kwenye kisanduku masafa ya kina na fidi ambamo mfuo huvunja maranda, na maandishi hayo yana faida kubwa kuliko picha zote zilizo juu yake.

Katika hesabu ya gharama, bei ya tipu igawanywe kwa kingo zilizofanya kazi kweli, si kwa kingo zilizoahidiwa. Kwa mfano wa hesabu tu, tipu ya shilingi 12,000 yenye kingo 4 hugharimu shilingi 3,000 kwa ukingo, na ya shilingi 9,000 yenye kingo 2 hugharimu 4,500. Lakini ile ya kwanza ikikatika kingo mbili kwa sababu mashine haiwezi kuituliza, kila ukingo uliotumika umegharimu 6,000, na bado hazijahesabiwa saa zilizopotea wala kipande cha mteja kilichoharibika. Inafaa kila kisanduku kinaponunuliwa kianze kwa tipu moja, kazi ileile ifanywe kwa kasi na fidi zilezile, na idadi ya vipande vilivyotoka kwa ukingo mmoja iandikwe daftarini pamoja na msimbo na daraja. Karakana inayofanya hivyo hupata kumbukumbu yake yenyewe ambayo muuzaji hawezi kuipinga, na huweza kugundua tipu za kughushi, ambazo msimbo wake huweza kuwa sahihi huku daraja likiwa halipo kabisa au limebanwa kwa chapa isiyosomeka. Ukingo uliokwisha utiwe alama ya kalamu ya wino mzito papo hapo, ili usirudishwe kazini kwa bahati mbaya.

Wapo wanaonoa tipu zilizochakaa kwenye jiwe. Kwa tipu yenye utando na mfuo jambo hilo halina maana, kwa kuwa jiwe huondoa vyote viwili na hubadilisha kipimo cha ncha. Tena vumbi lake lina kobalti, ambayo ikivutwa kwa muda huleta maradhi makubwa ya mapafu. Anayelazimika kunoa kabaidi ya aina ya kuchomelewa kwa shaba atumie jiwe la kijani la kabaidi ya silikoni au gurudumu la almasi, avae barakoa ya vumbi laini, na mashine iwe na kivuta vumbi.

Tipu iliyokwisha kingo zote haifai kuingia katika pipa la vyuma chakavu. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika migodi ya upande wa Kolwezi, na tangsteni huchimbwa Rwanda, mgodi wa Nyakabingo ukiwa miongoni mwa inayojulikana, ingawa China ndiyo inayotawala soko lake. Metali zote mbili ni ghali kuchimba na zinaweza kurejeshwa kutoka katika tipu kuukuu, ndiyo maana wapo wanunuzi wa kabaidi chakavu wanaoinunua kwa kilo kwa bei iliyo juu sana kuliko ya chuma. Kabaidi ni nzito karibu mara mbili ya chuma, hivyo kopo dogo lililowekwa kando ya mashine hukusanya uzito wa maana kwa muda mfupi. Tipu ziwekwe humo peke yake, bila skrubu, bila vibati vya feleji na bila visu vya kuchomelewa, kwa sababu shaba na chuma vikichanganyika humo mnunuzi hushusha bei ya mzigo wote.